Baba Anataka Kengele

Kisiba, 16 Februari 1994, Jumatano ya Majivu

Mvua ilianza kabla hatujaamka na mpaka sasa haijapumzika. Baba amelala tena akiwa ameketi, mito mgongoni, maana akilala chali pumzi inakatika. Miguu imevimba. Daktari wa Tukuyu alisema moyo umechoka, akampa vidonge na kumkataza chumvi, kisha akanivuta pembeni akaniambia nisiende mbali na nyumbani.

Leo baada ya uji baba aliniambia nifunge mlango.

"Atupele, wewe si mzee wa kanisa?"

"Ndiyo, tata."

"Basi kawaambie wenzako nataka kurudi mezani. Kabla ya Pasaka."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliogopa. Baba alitengwa na Meza ya Bwana mwaka alipomwoa Tusekile kuwa mke wa pili, mimi nikiwa mtoto wa darasa la pili. Tangu hapo hakukosa ibada. Hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na Meza ikianza kuandaliwa huinuka akatoka nje kimya. Mama naye yuko mbele kabisa upande wa wanawake, kitambaa cheupe kichwani, anaimba. Nimekua nikiwaona hivyo, mmoja mbele, mmoja mlangoni.

Wanaokufa nje ya Meza, kengele haipigwi. Mchungaji haji na joho, kwaya haiji. Mwaka jana jirani yetu Lazaro alizikwa hivyo. Tulisimama kwenye matope, kila mtu akimtazama mwenzake aanze wimbo, na hakuna aliyeanza. Baba alikuwepo. Nilimwona anavyotazama lile kaburi, na tangu siku ile nina woga ambao sijamwambia mtu.


19 Februari

Ukungu kutwa. Hakuna aliyechuma chai.


27 Februari, Jumapili

Baraza la wazee lilikaa baada ya ibada, ofisini kwa mchungaji. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tukawa tunapaza sauti kama watu wanaogombana. Baba aliletwa juu ya baiskeli ya jirani, koti la harusi mwilini, amenyolewa ndevu. Tusekile ndiye aliyemnyoa.

Mchungaji Andrea ni kijana mpole, ametoka chuoni juzijuzi tu, na baraza analiongoza kwa jina. Anayeliongoza kweli ni Mzee Meshaki, katibu wetu, karani mstaafu wa mahakama. Hajawahi kutoka mahakamani yule, amehamia kanisani tu.

"Mzee Geresoni," Meshaki akaanza, "miaka yote hii hukuja kuomba. Kwa nini unarudi sasa?"

Baba alifikiri kidogo. Nilikuwa nimemfundisha jibu jana yake: nimeona dhambi yangu, nampenda Bwana, nipokeeni. Maneno mafupi, hata mtoto wa Jumapili anayaweza.

"Nataka kengele," akasema.

"Unataka nini?"

"Kengele, ipigwe nikifa. Na mchungaji aje na joho. Lazaro mlimwacha akazikwa kama mtu aliyeokotwa njiani. Mimi sitaki."

Mmoja wa wazee akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi nilitazama sakafu. Meshaki akaweka kalamu chini taratibu.

"Umesikia mwenyewe, mchungaji. Huyu hamtaki Bwana, anataka mazishi."

Mchungaji akauliza kwa sauti ndogo habari za Tusekile. Baba akasema yupo. Utamwacha? Baba akamtazama yule kijana kwa huruma kabisa, akasema, "Aende wapi, mchungaji? Amezeekea kwangu."

Wameamua aitwe tena Jumapili ya Matawi. Mpaka hapo awe na toba ya kweli, na nyumba iwe ya mke mmoja.


28 Februari

Nimegombana na mgonjwa, Mungu anisamehe.

"Ungesema tu unampenda Yesu, tata! Neno moja!"

"Nampenda. Hilo hawakuniuliza. Waliniuliza kwa nini narudi sasa."

"Sasa faida yake nini?"

"Wewe ulitaka niwadanganye, tena ndani ya kanisa?"

Ukweli ni kwamba nilitaka.

Halafu nimeketi hapa nasahihisha madaftari ya darasa la tano na siwezi kusoma mstari. Nikijaribu kumwombea baba, kwanza naona jeneza, kisha joho la mchungaji, kisha nyuso za walimu wenzangu wamesimama kwa safu. Mungu anakuja mwisho, akiwahi. Sasa kati yangu na baba ni nani anayetaka mazishi? Yeye angalau amesema mbele ya watu.


5 Machi

Mvua. Darasa la tatu linavuja, watoto wamesomea kwangu. Baba amekula ndizi nusu.


12 Machi, Jumamosi

Kaka yangu Nelson amefika kutoka Dar es Salaam na pikapu yake. Tangu biashara huria ianze amekuwa mtu mzito, ana duka la redio na vyombo vya umeme, na anaongea kama anayetangaza bei. Ndani ya pikapu kuna jenereta na spika mbili kubwa, kila moja inamfika mtoto wa darasa la kwanza kichwani. Zawadi kwa kanisa.

Jioni tumekaa jikoni kwa mama, akaanza kusema kwamba kuna mtu wa video Mbeya, anafanya harusi na misiba, ni mzuri sana.

"Nelson, tata yupo hai."

"Najua, dada. Lakini lazima tujipange."

Baba alikuwa chumba cha pili. Alikohoa. Nelson akashusha sauti akaendelea kujipanga.


13 Machi, Jumapili

Spika zimewashwa leo. Mzee Meshaki alisoma matangazo ya juma kwenye maikrofoni, na nadhani wamemsikia mpaka ng'ambo ya ziwa. Aliyasoma mara mbili.

Nilipotoka alinishika kiwiko, akanipeleka pembeni, mwavuli wake juu ya vichwa vyetu wote wawili.

"Mwalimu, mambo haya yana njia zake. Yule mama mdogo wako ana kaka kule Kyimo, siyo? Aende akapumzike huko mpaka Pasaka ipite. Wazee tukikuuliza, utasema ameondoka. Si atakuwa ameondoka?"

"Na baadaye, mzee?"

"Baadaye ni baadaye. Nani anachungulia nyumba ya mgonjwa?"

Nilijua ni nini hicho. Si mara ya kwanza kufanyika hapa, wake wadogo wamekwenda kusalimia ndugu zao kila inapokaribia Pasaka tangu nilipozaliwa. Nilitakiwa nimwambie Meshaki aone haya. Nikasema, "Ndaga fijo, mzee," nikashukuru hasa, na njia nzima nilitembea nikiwa mwepesi.


15 Machi

Nimemwambia mama mdogo Tusekile. Alikuwa anamenya ndizi kwenye baraza ya nyumba yake. Mama na yeye wana nyumba mbili katika ua mmoja na majiko mawili, na mama hajawahi kuvuka kizingiti chake wala kuonja chakula chake. Tunapika mara mbili kwa mgonjwa mmoja.

Nilidhani atalia, au atanitukana. Alifuta kisu kwa kanga.

"Yeye anajua?"

"Nitamwambia."

"Vidonge vyeupe ni kabla ya kula. Uji uwe mwepesi, mzito unamkaba. Na miguu iinuliwe mchana, siyo usiku."

Akarudia, polepole, mpaka akahakikisha nimeshika. Mama alikuwa mlangoni kwake upande wa pili wa ua, anasikia kila kitu. Nilifikiri moyoni, leo mama amepata alichokuwa anakililia miaka yote.


16 Machi

Ameondoka asubuhi na furushi lake, mvua inanyesha. Nelson naye amerudi Dar. Baba aliponiuliza Tusekile yuko wapi nikasema amekwenda kumsalimia kaka yake.

"Nani kamtuma?"

Nikamrekebishia mto. Akageukia ukutani.


18 Machi

Mama anamhudumia sasa. Uji ni mzito. Nimemwambia, ameongeza maji, sasa una madonge.


20 Machi, Jumapili

Baba hajambo kidogo asubuhi, jioni mbaya. Hataki kuoshwa. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi, nikamkaripia. Leo nimeingia ghafla nikamkuta mama amepiga magoti na beseni, na baba amelishika shuka kwa mikono miwili mpaka kidevuni. Anamwonea haya. Ndoa yao ilifungwa kanisani, wamezaa mimi na Nelson, na anamwonea haya kama mgeni. Mama aliweka beseni chini, akatoka, akapita karibu yangu bila kunitazama. Macho yalikuwa mekundu.

Nina hofu kwamba nimemuua baba yangu ili azikwe vizuri.


22 Machi

Hakulala. Midomo imekuwa ya bluu kidogo. Nimeomba ruhusa shuleni. Barabara ya Tukuyu imekatika, gari halipiti.


23 Machi, Jumatano

Asubuhi mama alivaa nguo za Jumapili, akafunga kitambaa cheupe. Nilidhani anakwenda maombi ya akina mama. Mchana hakurudi. Mvua ilikatika kama saa tisa, na alasiri nikawaona wanakuja njia ya migombani. Mama mbele, furushi la Tusekile kichwani mwake. Tusekile nyuma, mikono mitupu, viatu mkononi, ameinamisha uso.

Nilikimbia kuwapokea, na badala ya kupokea mzigo nikaanza kufoka.

"Mama, umefanya nini! Baraza ni Jumapili!"

"Siku naijua."

"Miaka yote hii hukumtaka! Si wewe uliyekuwa unaomba aondoke?"

"Niliomba. Kila siku nilimwomba Mungu." Alisimama kupumua. "Sasa Kyala amenijibu. Nimeliona jibu lenyewe, sikulipenda."

Akanipita. Akaingia nyumbani kwa Tusekile, akatua furushi, akakaa kwenye kigoda chake kusubiri maji ya moto. Sijui kama yeye mwenyewe alitambua amekaa wapi.

Tusekile alikwenda moja kwa moja kwa baba. Nilimsikia baba akisema, "Umechelewa," kwa sauti ya mtu anayelalamikia chai.


24 Machi

Amekula. Amelala. Mimi ndiye sijalala.


27 Machi, Jumapili ya Matawi

Watoto waliimba na matawi yao, spika zikapiga kelele, sikusikia hata mstari mmoja wa mahubiri. Nilikuwa natunga sentensi. Nilikuwa nimeipata nzuri kabisa: Tusekile aliondoka Jumatano ya tarehe kumi na sita. Kila neno lake ni kweli, hakuna wa kunishika.

Baba hakuweza kuja. Baraza likaniita mimi nisimame kwa niaba yake, mimi ambaye siku zote hukaa upande wa wanaouliza. Meshaki alikuwa mpole ajabu.

"Mwalimu, tuambie kwa kifupi. Yule mama aliondoka?"

"Aliondoka."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuandika. Angeuliza jambo moja tu la toba, ningejibu, tungefunga kwa sala. Mvua ilikuwa imesimama. Kwa mara ya kwanza mwezi huu ofisi ile ilikuwa kimya, nikasikia kalamu ya Meshaki juu ya karatasi. Mchungaji Andrea alikuwa ananitazama kwa furaha. Alifurahi kweli, maskini, kwa ajili yangu. Nadhani ile furaha ndiyo iliyonishinda.

"Amerudi," nikasema. "Mama yangu mwenyewe alimfuata. Na aliondoka kwa sababu mimi nilimwambia aondoke, ili nije hapa niseme ameondoka."

Sikumtaja aliyenipa shauri. Alikuwa anatazama viatu vyake, na kwa kuwa nimemwogopa mtu huyu tangu nichaguliwe, nilishangaa kuona viatu vyenyewe vimechanika pembeni na kushonwa kwa uzi wa gunia. Kisha akasema, "Basi tumemaliza," lakini ile sauti ya mahakama hakuwa nayo.

Mchungaji alinifuata nje, kwenye baraza ya ofisi.

"Mwalimu, mimi ningependa..."

"Najua, mchungaji."

"Sheria si yangu peke yangu."

"Najua."

Alitaka nimwambie kwamba haidhuru. Sikuweza kumpa hilo. Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, nikizunguka mashamba ya chai, kwa kuogopa kufika. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nadhani mvua itaruhusu aende kanisani Pasaka.

"Tata, watakuona wote. Utakwenda kufanya nini?"

"Pasaka," akasema, kama nimeuliza swali la kijinga.


30 Machi

Mvua kubwa. Migomba miwili imeanguka nyuma ya nyumba ya mama.


1 Aprili, Ijumaa Kuu

Mama na Tusekile wamepika jiko moja.


3 Aprili, Pasaka

Majirani walimbeba baba kwenye kiti, kwa zamu, Tusekile akishika mwavuli. Walimweka kwenye benchi lake la mwisho. Tusekile akakaa pembeni yake ili amshikilie, upande wa wanaume, na watu wakageuza shingo. Mimi nilikuwa mbele na wazee wenzangu, glavu nyeupe mikononi, maana hapa kwetu wazee ndio tunaopitisha vikombe benchi kwa benchi.

Baada ya mahubiri mchungaji aliwaalika watu wa Meza wakae tayari, na wasioshiriki wakaanza kutoka kama kawaida. Baba hakuwa na nguvu za kutoka. Akabaki. Ndipo nilipomwona mama anainuka kutoka benchi la mbele. Nikadhani amezidiwa. Akatembea katikati ya kanisa, taratibu, kitambaa chake kimenyooshwa kwa pasi, mpaka mwisho kabisa, akajibana kwenye benchi upande wa pili wa baba. Wakawa watatu. Kwaya ilikosea kuanza.

Meshaki akanipa sinia la upande ule. Sijui kama alifanya kusudi. Nilipita benchi baada ya benchi, nikijua ninakokwenda. Nilipofika, sheria ilikuwa wazi: hawa wawili niwapite, huyu mmoja nimpe. Nikainamisha sinia mbele ya mama. Alikuwa amefumbata mikono.

"Chukua, mama," nikanong'ona.

"Pita, mwanangu. Nikinywa leo nitakuwa nanywa ili watu wanione."

"Wanakuona hata hivi!"

"Basi waone. Pita."

Baba alikuwa anatazama vikombe. Hakunitazama mimi wala mama, vikombe tu. Nikapita.

Nilipofika mbele mchungaji alinipa kikombe changu, kama tunavyopewa wazee mwishoni. Nilikishika. Nilitafuta ndani yangu sababu moja ya kunywa ambayo haikuwa na mtu anayenitazama, na wimbo ukaisha kabla sijaipata. Nikakirudisha kwenye sinia kikiwa kimejaa.




4 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Asubuhi ametuita sote watatu. Pumzi ilikuwa fupi sana, ikabidi tusogee karibu.

"Wewe ulikunywa?" akaniuliza.

"Hapana, tata."

Akamgeukia mama. Sijamwona amekasirika hivi tangu nilipokuwa mtoto. Mkono ulikuwa unapiga kitanda.

"Mmenifanyia nini? Mnadhani mmenifurahisha? Mimi kila mwaka naitamani Meza ile. Kila mwaka! Natoka nje nasimama kwenye mvua, nahesabu nyimbo, nasema sasa wanamega mkate, sasa wanapitisha kikombe. Ninyi mmealikwa, mmeletewa mpaka mkononi, mnaiacha?"

Alikuwa analia. Tusekile alimfuta uso kwa kiganja. Mama alikaa chini kwenye mkeka kama aliyekatwa miguu.

"Tata," nikasema, "mbona hukuwaambia hayo barazani? Wangekupokea siku ileile."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Yale? Niyaseme mbele ya Meshaki, yeye ayaandike?" Akapumua, akapumua tena. "Kengele naweza kuisema mbele ya mtu yeyote. Yale si ya kuwaonyesha watu."

Nje mvua imeanza tena, nyembamba, ile ya kutwa. Baadaye Tusekile alikwenda kukoroga uji na mama akamfuata kushika sufuria.

Meza ijayo ni Pentekoste. Daktari hakusema kama baba ataifikia. Baba ameniambia siku hiyo niende nikanywe, na nikiwa nakunywa nisigeuke kumtazama.